Wazazi wako kwenye korosho, shule itawafikiaje kwa video?

SWALI: "Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari ya kata wilayani Tandahimba. Kuanzia Septemba wazazi wengi wanahamia mashambani kuokota korosho, na wanafunzi wengi wanabaki na bibi zao. Mkutano wa wazazi wa Oktoba unakuwa viti vitupu. Wanafunzi wetu wa zamani walioko Mtwara mjini na Dar es Salaam wamechanga fedha, wanataka tununue kamera nzuri tuwe tunarusha mubashara mikutano na mahafali. Mwaka jana tulijaribu mahafali kwa simu: picha iliganda kila mara, sauti haikusikika, na waliobaki mpaka mwisho hawakuzidi kumi. Isitoshe, mama mmoja alikasirika kumwona binti yake kwenye video iliyokuwa inazunguka WhatsApp. Sasa ofisini tumegawanyika. Wapo wanaosema tununue kamera, wapo wanaosema mambo ya video tuachane nayo kabisa. Unatushauri nini?"

JIBU: Mwalimu, shikamoo na pole kwa majukumu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kinachoonekana ni kwamba mna watu wa aina mbili mnaotaka kuwafikia kwa kitu kimoja. Mzazi aliye kibandani shambani, mwenye bando la shida na chaji ya kubahatisha, si sawa na kijana aliyemaliza kwenu ambaye sasa yuko Kariakoo na mtandao wake haukatiki. Mubashara inaweza kumfaa huyu wa pili. Yule wa kwanza, ambaye ndiye mwenye mtoto darasani leo, itampita. Kwa hiyo naomba fedha ya kamera msiiguse bado.

Nianze na kilichotokea siku ya mahafali, maana nahisi wengi ofisini wameshakubaliana kwamba simu ilikuwa duni. Simu haikuwa na kosa. Unapotazama video, mnara ndio unaotuma na simu yako inapokea, na mnara una nguvu kubwa na antena zilizowekwa juu. Unaporusha mubashara kazi inageuka: simu ndiyo inayotuma, na nguvu yake ya kutuma ni kama sehemu moja ya tano ya wati moja. Ndiyo sababu unaona vijiti vya mtandao vimejaa kwenye kioo na bado video haiendi. Vile vijiti vinaonyesha jinsi simu inavyousikia mnara, havikwambii mnara unaisikiaje simu. Ongeza hapo umati wa mahafali, kila mtu na simu yake, wote wanatuma picha kwa mnara uleule katika saa ileile. Hata mngekuwa na kamera ya mamilioni, njia ya kupitia ni ileile nyembamba.

Hesabu ya bando nayo haimpendelei mzazi. Mubashara ya ubora wa kawaida hula kama megabiti 1.5 kwa sekunde. Kwa saa mbili, yaani sekunde 7,200, ukigawa kwa 8 kupata baiti, kila mtazamaji anatumia megabaiti 1,350. Video fupi ya sekunde 90 iliyobanwa vizuri haizidi megabaiti 7 au 8. Mzazi mmoja wa mubashara anakula bando la wazazi kama 170 wa video fupi. Na video fupi inasubiri: ikikwama saa saba mchana, itaingia saa tano usiku mnara ukiwa hauna watu, au kesho yake mzazi akienda kijijini kuchaji simu. Mubashara ikipita imepita.

Sasa nikueleze nilichojifunza shambani, kwa sababu kilibadilisha namna ninavyowafundisha walimu kurekodi. Nilikuwa upande wa Newala msimu wa korosho, nimekaa na bibi mmoja aliyekuwa akitenga korosho na mabibo, mikono imelowa maji ya mabibo mpaka kwenye viwiko. Mjukuu wake alimletea simu yenye video ya dakika moja kutoka shuleni kwake. Bibi hakuitazama. Jua la saa sita lilikuwa limekifuta kioo chote, haonekani mtu wala ukuta. Akamwambia mjukuu amwekee sikioni. Aliirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sikioni. Mwishoni akauliza, "Huyu anayesema ndiye yule mwalimu mfupi wa hesabu?" Kwenye video mwalimu alikuwa amesema "kama mnavyoona hapa" mara kadhaa, na jina lake hakulitaja hata mara moja.

Kwa hiyo, Mwalimu, rekodi video kana kwamba atakayeipokea haoni. Msemaji ataje jina lake, somo lake na kidato anachokizungumzia kabla ya jambo lingine lolote. Akionyesha kitu akitaje. Akitaja tarehe airudie. Ukishamaliza, igeuze simu kifudifudi uisikilize bila kuangalia. Kama hujaelewa, irudie.

Na hapa ndipo fedha kidogo inapofaa kuingia. Sauti hupungua haraka sana kadiri unavyokaa mbali nayo: ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayofika inabaki robo. Simu iliyowekwa mita nane kutoka kwa mkuu wa shule inasikia upepo, watoto na viti kuliko inavyomsikia yeye. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, iliyo karibu na kidevu, itawafanyia kazi kubwa kuliko kamera yoyote. Ifunikeni kipande cha sponji ya godoro kuzuia upepo, maana kwenye nyanda za juu za Makonde upepo hauna adabu mchana. Msirekodi kutoka kwenye spika za muziki za mahafali, zinakwaruza. Mvua zikianza Novemba au Desemba, darasa lililoezekwa kwa bati halifai kurekodia mvua ikinyesha, subirini ipite.

Picha nayo ina siri yake moja ambayo watu wengi hawaijui. Simu haihifadhi picha nzima kila mara. Inahifadhi moja kamili, halafu kwa zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Mwalimu akisimama mbele ya ukuta na simu iko kwenye stendi, kinachobadilika ni mdomo na mikono yake, na faili inabaki ndogo. Mkono wa anayerekodi ukitetemeka, ukuta wote unahama, simu inalazimika kuandika kila kitu upya, na faili inavimba. Ikibanwa ili itumwe, ndipo mnapoona uso umekuwa viboksi viboksi. Majani ya mkorosho yanayopepea nyuma ya msemaji yanafanya hivyohivyo. Mandhari ni nzuri, nakubali, lakini ukuta wa darasa utawasaidia zaidi. Rekodini kwa ubora wa 720p, na mkituma WhatsApp msichague ubora wa juu (HD), iacheni programu iibane yenyewe.

Jambo la mwanga nitalisema kwa kifupi. Kamera inapima mwanga wa eneo zima, na shati jeupe la sare likijaa kwenye picha inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na nyuso zetu zinakuwa giza. Gusa uso wa msemaji kwenye kioo cha simu kabla ya kuanza, itajirekebisha. Dirisha liwe mbele ya msemaji, lisiwe nyuma yake.

Kuhusu cha kurekodi. Mkutano wa saa mbili usirekodiwe wote halafu ukatumwa, hakuna atakayeumaliza. Chukueni jambo moja, dakika moja na nusu, kila Ijumaa ya pili. Wazazi wanaulizia nini wanapokutana nawe njiani? Chakula cha mchana, michango, mitihani, nidhamu. Basi anzieni hapo. Mpishi asimame stoo aseme magunia mangapi ya mahindi yaliingia, mangapi yamebaki, na yataisha lini. Mtunza fedha aonyeshe madawati yaliyotokana na mchango wa mwaka huu na ataje idadi. Nimeona michango ikianza kuingia tena mahali ambapo watu walikuwa wamesusa, baada ya kusikia sauti ya mpishi wanayemfahamu akihesabu magunia. Mpishi aliaminika kuliko barua yenye muhuri.

Lakini hata hayo yote ni nusu. Shule nyingi zinaishia kutuma, halafu zinahesabu alama za bluu na kusema wazazi wameunganishwa. Mzazi aliyepokea video amepata taarifa tu. Anakuwa sehemu ya shule pale sauti yake inaporudi. Kila video iishe na swali moja la kweli, linalojibika kwa maneno machache, na mzazi ajibu kwa ujumbe wa sauti. Dakika moja ya sauti haifiki hata megabaiti moja, hata mwenye bando la mwisho anaituma. Halafu Jumatatu, mstarini, chagueni jibu moja mliloruhusiwa na aliyelituma mlicheze kwa spika. Niliwahi kusimama kwenye mstari wa asubuhi wakati sauti ya baba mmoja ilipotoka shambani, nyuma yake kuku wanalia, anawaambia vijana wa kidato cha nne kwamba yeye aliishia darasa la saba na anawaombea. Wanafunzi karibu mia nne walinyamaza, na waliokuwa wanasukumana nyuma walinyamaza pia.

Angalieni pia nani yumo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Fomu ya kujiunga inauliza baba na mama. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera, mjomba ana sauti yake kwenye mambo ya mtoto, na bibi ndiye anayeamka naye asubuhi. Muulizeni kila mwanafunzi: nani akisema urudi shule, unarudi? Namba ya huyo ndiyo iingizwe kundini.

Wasio na simu janja ni wengi, na mkiwasahau mtakuwa mmejenga jumuiya ya wenye kioo peke yao. Wenye kitochi wapigiwe au watumiwe ujumbe mfupi wenye jambo lilelile. Video nayo inaweza kusafiri bila intaneti. Iwekeni kwenye memori kadi. Katika msimu watu wanakaa kwa saa nyingi kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakisubiri mizani, na mwalimu mmoja akienda na simu na spika ndogo, kwa ruhusa ya viongozi wa chama, atawapata wazazi ambao hakuwapata kwenye mikutano ya mwaka mzima. Mwenye kibanda umiza cha kijijini naye akiombwa vizuri na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuwapa dakika mbili kabla ya mechi. Kitu kimoja tu: video zinazochezwa hadharani zisiwe na sura ya mwanafunzi yeyote. Mpishi, mkuu wa shule na magunia wanatosha.

Tuje kwa wanafunzi wa zamani, maana nia yao ni njema na isije ikavunjika. Mubashara ya mahafali ifanyeni kwa ajili yao, lakini isizidi saa moja: maandamano ya wahitimu, hotuba ya mgeni rasmi, vyeti. Siku moja kabla, saa ileile ya tukio, pimeni kasi ya kutuma mkiwa pale pale uwanjani, na kwa laini za mitandao tofauti. Isipofika megabiti 3 za kutuma kwa sekunde, msirushe, rekodini na mtume jioni. Kwa mazungumzo ya kweli na kamati yao, simu ya video ya WhatsApp inachukua watu 32, na Google Meet ya bure inawapa dakika 60. Hiyo inajenga kuliko watazamaji mia walionyamaza. Kama shule iko jirani na Mto Ruvuma, zimeni huduma ya kutumia mtandao wa nje ya nchi (roaming) kwenye simu ya kurushia, kwani inaweza kudaka mtandao wa Msumbiji na salio likaisha kabla hamjajua.

Tena, msitegemee njia moja. Mnakumbuka Mei 2024: kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, Somanga na maeneo ya jirani, na wiki moja baadaye hitilafu ya nyaya za baharini ikadhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Wazazi walio mbali walikuwa na wasiwasi na watoto wao, na njia zote mbili ziliharibika ndani ya mwezi mmoja. Orodha ya namba kwenye daftari, simu ya kawaida na redio jamii ya wilaya ziwepo daima. Video isiwe mbadala wake.

Nimeliacha la mama aliyekasirika mpaka hapa kwa sababu ni zito, na kwa maoni yangu yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kumwandikisha mtoto shule si ruhusa ya kumrekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kati ya taarifa nyeti, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Ombeni ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, elezeni video ni ya nini na itakwenda wapi, na muiombe tena kila mwaka. Mtoto naye aulizwe. Akikataa asiombwe sababu.

Sababu zipo nyingi na hazisemwi. Yupo mtoto anayefichwa kwa ndugu kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Yupo binti aliyerudi shule baada ya kujifungua, jambo ambalo serikali iliruhusu Novemba 2021, na hataki watu wa kijiji chake cha zamani wajue yuko wapi. Yupo aliyetoka jandoni au unyagoni likizo ya Desemba ambaye watu wazima wake hawataki atazamwe kwa namna hiyo, na mambo ya huko hayarekodiwi hata kidogo. Video ikiingia kwenye kundi la watu mia tatu, haina mwenyewe tena. Sura, jina na jina la shule vikikaa pamoja, mtu yeyote anaweza kumngojea mtoto njiani. Kwa kawaida mimi naonyesha mikono inayochora ramani, daftari, migongo ya wanaosoma, na sauti za watoto bila majina. Inatosha kabisa kumfanya mzazi atabasamu.

Simu ya kurekodia iwe ya shule, ikae ofisini, na iandikwe kwenye daftari nani ameichukua na kwa kazi gani. Pasiwe na mwalimu anayerekodi wanafunzi kwa simu yake binafsi. Mkitaka siku moja kufungua chaneli ya wazi kwa umma, muoneni kwanza afisa TEHAMA wa halmashauri na muiulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masharti yake.

Kuna mambo ambayo video haipaswi kuyagusa. Mwanafunzi aliyeacha kuja, anayeonekana kudhoofika, mwenye mimba, anayepigwa nyumbani: huyo anafuatwa kwa miguu, na mwalimu wa malezi pamoja na afisa ustawi wa jamii. Kama video ya mtoto imesambaa na inamdhalilisha, msijaribu kulimaliza ndani ya kundi la WhatsApp. Hifadhini ushahidi wa nani alituma na lini bila kuisambaza zaidi, mwende dawati la jinsia na watoto la polisi. Mtoto au mzazi anaweza pia kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kwa fedha mliyonayo, basi: simu moja ya bei ya kati yenye kamera inayoeleweka, stendi, maiki ya kola, memori kadi mbili na spika ndogo ya kuchaji. Itakayobaki, waambieni vijana wenu wa Dar kwamba mnaiweka kwa ajili ya bando la mwaka mzima na muda wa maongezi wa kuwapigia wenye vitochi, na wapeni mahesabu kwa video yenu ya kwanza.

Ila kabla ya hiyo video ya kwanza, wewe na mkuu wa shule nendeni kwa yule mama. Mwombeni radhi nyumbani kwake, mumwambie video imefutwa kwenye simu zote za shule, na mmsikilize kilichomuumiza ni nini hasa. Simu muiache ofisini siku hiyo.